Shaba Ndani ya Mafuta

Haya niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili, na kama nimetia chumvi hata chembe moja, ndevu zangu zinyonyoke.

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, aliketi dada mmoja mwenye gari la mashindano, akikohoa, pamoja na fundi wake. Mkononi alikuwa na karatasi ya maabara iliyopima mafuta ya injini yake. "Soma mwenyewe, fundi. Tangu uniwekee mafuta mazito, shaba iliyomo imepanda maradufu. Beringi zinalika, na Jumamosi nashindana."

"Hiyo maabara imewahi kushika spana?" fundi akauliza. "Mimi mafuta nayajua kwa vidole. Weka mepesi, injini ikichemka yatakuwa maji."

"Vidole vyako vinaona shaba?"

"Vimeona wateja wabishi kuliko wewe."

Dada akakohoa tena, akatoa mkobani kichupa chenye kitu cheusi kizito. Mimi, niliyekuwa karani wa stoo hadi kustaafu, na injinia tangu siku hiyo, nikakidaka.

"Wanangu, nikikosea, nauli zenu juu yangu." Nikakiinua dirishani, nikafumba jicho moja. "Mazito mno haya. Na shaba naiona inavyometameta."

Dada akakichukua taratibu, akamimina kwenye kifuniko, akanywa. "Ni dawa yangu ya kikohozi, baba."

Basi likasimama kituoni kwao. Wale wawili, ambao tangu wapande hawakuwa wamekubaliana hata neno moja, wakamwambia kondakta kwa pamoja: "Mzee huyu analipa."

Nikatoa nauli za watatu, nao wakashuka wakibishana upya.