Mwalimu Gamaliel Kyungu, Mwenye Alienda Mulongo na Kurudi

Marehemu Gamaliel Kyungu alizaliwa Mulongo tarehe 14 Machi 1941, mutoto wa muhubiri wa Kimetodisti. Dada yake mukubwa, Augustine, alimubeba mugongoni mpaka alijua kutembea, na tangu pale hakuacha kumuamuru.

Alisoma Mulongo, kisha Kamina, akapata diploma mwaka 1962. Tarehe 5 Agosti 1967 alioa Mama Dorothée. Mungu aliwapa mutoto mumoja tu, Mira.

Alifundisha Kifaransa hapa Kamina miaka 34. Kila mwaka banafunzi wake walicheza teatre ya mufalme mwenye kufa. Aliwaambia: “Muangalie kitu kidogo cha mwanzo. Mwandishi haweke kitu bule. Fimbo ya mufalme ikivunjika asubuhi, mangaribi hatafika. Benye kuikala na kuangalia banajua, yeye hajue. Njo maana banalia mbele ya kilio.” Augustine alikuwa anaikala mbele kabisa, na analia wa kwanza.

Vita vya 1998 vilimukuta Mira kule Mulongo, alikuwa muuguzi. Miezi mitatu, habari hakuna. Tarehe 9 Novemba Gamaliel akatosha kinga yake, baiskeli ya zamani, amufuate. Kwenye mulango wa lupango, uwanja wa nyumba yao, cheni ikakatika.

Augustine akaikala chini katikati ya njia. “Umeona? Weye njo ulifundisha bantu! Rudia mu nyumba!”

“Yaya,” akamujibu dada yake, “ile ni teatre. Kule iko mwandishi mwenye kukata cheni. Huku iko kutu tu.”

“Kutu! Bafalme bako bote balisema vile.”

Akacheka, akafunga cheni na waya, akamuzunguka, akaenda. Augustine akafua nguo yake ya kilio, akaianika, akakatala kusalimia muntu.

Siku ya 23 Gamaliel akarudi, miguu imevimba, Mira nyuma ya kinga. Dada yake alimutukana mpaka sauti ikamuisha, kisha akamupikia bukari.

Ugonjwa wa sukari ulimuanza Aprili 1999. Huo haukutuma alama yoyote. Mira njo alimuchunga. Alifariki nyumbani, Siku ya Mungu, Jumapili tarehe 12 Septemba 1999, saa tatu ya asubuhi, mukono wake mu mukono wa mutoto wake.

Anaacha bibi yake Dorothée, binti yake Mira, na dada yake Augustine. Siku hizi za vita wengi wanalia bantu bila kujua wamelala wapi. Yeye tunamulalisha sisi wenyewe, mu kitambaa kisafi. Tunashukuru sana. Ulale muzuri, Mwalimu, mbele ya Bwana.