Kinyozi Aliyeogopa Kuomba kwa Sauti

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, aliye kazini aninyime jicho lakini anipe sikio. Leo tunamkumbuka kinyozi. Ndiyo, kinyozi. Alifariki Jumamosi iliyopita, akazikwa Jumanne, na mimi jana nilikuwa nyumbani kwake. Nimerudi na uzito kifuani. Nikilia humu studio mtanivumilia. Fundi mitambo wetu amekwisha kuniwekea kitambaa mezani, ananijua.

Waliomjua walimwita Kaa Sawa. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, maana kila aliyeketi kwenye kiti chake alilisikia kabla hata ya salamu. "Kaa sawa, bwana harusi." "Kaa sawa, mheshimiwa, sikio likienda sina spea." Mdomo wa mtu yule haukujua likizo. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikuwa mke wake, fundi wa kushona. Mume anapiga porojo huku, mke anacheka kule, cherehani inasimama, mteja wa gauni ananuna. Kuna watu walikwenda kunyolewa hata nywele hazijaota, wasikie tu.

Sasa sikilizeni ajabu. Mtu huyu, ambaye angeweza kuongea na kiti mpaka kikamjibu, alikuwa hawezi kuomba kwa sauti. Hawezi kabisa. Si kanisani, si nyumbani, si mezani. Na mke wake, ambaye kanisa zima lilimwita Mama Maombi, alikuwa na haja moja kwa mume wake. Hakutaka gauni, hakutaka dhahabu. Alitaka amsikie akiomba. Mara moja tu, kabla mmoja wao hajafumba macho. Basi hadithi ya leo ni hiyo: mke aliyetaka kusikia, na mume aliyeogopa.

Hofu ilianzia kanisani, wakiwa wachanga katika ndoa. Ibada ilikuwa inakwisha. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye haraka zake, akamnyooshea kidole kinyozi: "Ndugu, tufungie kwa maombi." Kaa Sawa akasimama. Akasema, "Baba yetu..." Ikawa basi. Ulimi ukagoma. Watu wamefumba macho, wanangoja. Mtoto akakohoa. Feni ikalia. Ndipo kijana mmoja wa kwaya, kwa nia njema au kwa utundu, akapaza sauti: "Amina!" Kanisa zima likaangua kicheko.

Jamani, tunacheka, na aliyechekwa anabeba kicheko hicho mpaka kaburini. Njiani kurudi nyumbani alimwambia mke wake, "Kuanzia leo mdomo ni wako. Mikono ni yangu." Mke alidhani ni hasira za siku moja. Hazikuwa za siku moja. Alipomkumbusha, alijibiwa kwa methali: "Kinyozi hajinyoi, mke wangu. Na mimi siwezi kujiombea. Niombee wewe." Nani angembishia? Methali ilikuwa ya kazi yake.

Lakini mikono, wasikilizaji, mikono aliitoa kweli. Watoto wa shule ya Jumapili walipokuwa wanakaa sakafuni, alibeba benchi la wateja wake akalipeleka kanisani. Wateja wakalalamika kwamba wanasubiri wamesimama. Akawaambia, "Simameni, mtakua." Kikundi cha akina mama kilipokuwa kinakwenda hospitali kuwaombea wagonjwa, naye alikwenda, amebeba mfuko, anajificha nyuma ya mke wake.

Na huko hospitali ndiko alikopata nafasi yake. Katika wodi ya wanaume alilala dereva wa malori, mtu wa maneno makali, ndevu zimemjaa mpaka shingoni. Mama Maombi alipomkaribia, akafoka: "Nendeni na maombi yenu! Mtu ananuka, mnamwombea nini?" Akina mama wakarudi nyuma. Kaa Sawa akasogea mbele. Akamwangalia yule dereva, akasema, "Kaka, samahani, nina swali. Hizi ndevu unazifuga wewe, au zenyewe ndizo zinakufuga?"

Dereva akacheka mpaka akashika kidonda. Kaa Sawa akaomba maji ya moto kwa muuguzi, akatoa brashi, sabuni, wembe mpya. Akamnyoa taratibu, akamkata na kucha, akamfuta uso. Alipomaliza, dereva alijitazama kwenye kioo kidogo, akageuza shavu huku na huku. Kisha akamwambia Mama Maombi, "Haya, dada. Sasa niombeeni."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yao. Kila Jumamosi mchana duka linafungwa, mume ananyoa, mke anaomba. Mama Maombi alikuwa akisema, "Yeye anafungua mlango, mimi naingia." Na mtu wa kanisa akifariki, ni Kaa Sawa aliyeitwa kumnyoa mara ya mwisho. Hakutaka malipo. Na hapo tu ndipo mdomo wake uliponyamaza.

Binti yao wa pekee ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliniambia, "Jioni mama aliomba, baba aliitika amina. Amina yake ilisikika kwa jirani. Mama alikuwa akimtania: 'Umeshika mkia vizuri, siku moja ushike na kichwa.' Baba anacheka, anakwenda zake kulala."

Wasikilizaji wapendwa, mwaka jana asubuhi moja Kaa Sawa alikuwa dukani, anamnyoa mteja, anapiga porojo kama kawaida. Akatoa mzaha wake. Upande wa pili wa ukuta, kimya. Akadhani mke hakusikia. Akaurudia mzaha kwa sauti zaidi. Kimya. Mteja anasema aliona mkono wa kinyozi umesimama hewani. Akakimbia upande wa pili, akamkuta mke wake ameegemea cherehani, mdomo umepinda, macho yanamtazama.

Ilikuwa kiharusi. Mama Maombi hakufa. Alirudi nyumbani, mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta. Anaelewa kila kitu. Anakujua, anakupenda, anakukasirikia. Ila maneno yamekwenda. Daktari alisema huenda yakarudi, huenda yasirudi. Mwanamke aliyeliombea kanisa zima sasa hakuweza kusema hata "maji".

Jioni ya kwanza walipoketi, ilipofika saa ya maombi, mama alimtazama mume wake. Kaa Sawa akatazama pazia. Mama akaendelea kumtazama. Mzee akainuka, akatoka, akaenda kuwaita akina mama wa kikundi. Walikuja mbio, wakaomba vizuri, wakalia na kulia. Walipomaliza, mama akatikisa kichwa. Akainua mkono wake wa kushoto, akamnyooshea mume wake kidole.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mchungaji alikuja, akaomba. Mama anatikisa kichwa, kidole kwa mume. Wanakwaya walikuja. Kichwa, kidole. Kaa Sawa akaanza kuchelewa kutoka dukani. Ananyoa hata asiyehitaji, anafagia palipofagiwa. Yule mtu wa porojo akawa ananyoa kimya. Wateja wakaanza kupungua, maana kinyozi aliyenyamaza na ameshika wembe anatisha, hebu semeni kweli.

Binti ndiye aliyepasua jipu. Alimfuata baba yake dukani. "Baba, mama haombi dawa. Anaomba maneno. Wewe unayo mengi kuliko mtu yeyote hapa mtaani."

"Mwanangu, unataka nichekwe mbele ya Mungu, na mama yako akiona?"

"Nani atakucheka, baba? Mama hawezi tena hata kucheka."

Binti aliniambia anajutia neno hilo mpaka leo. Baba yake alikaa kwenye kiti cha wateja, akafunika uso kwa taulo. Mabega yakawa yanatikisika. Binti alisimama tu pale, hakujua amshike wapi.

Jumapili moja mchana, baada ya ibada, Kaa Sawa alikuwa anamchana mke wake nywele. Kazi hiyo aliichukua yeye tangu mama augue, hakumruhusu mtu mwingine. Mama ameketi kwenye kigoda, mzee nyuma yake na chanuo na mafuta. Binti alikuwa anaosha vyombo, mlango uko wazi. Akamsikia baba yake anaanza porojo, zile za dukani. "Kaa sawa, mama. Kichwa hiki nimekijua kikiwa cheusi chote. Sasa tazama mvi, zimekuja bila kualikwa." Sauti ikaendelea, mikono inachana. Halafu binti akasikia porojo zimegeuka. Akafunga bomba asikilize. Maneno haya aliyakariri, akanipa niwaletee.

"Na wewe Bwana, kaa sawa nikuambie. Mimi si msemaji wako, unajua. Msemaji wa nyumba hii ni huyu hapa. Sasa umemnyamazisha. Haya, mali ni yako, sina mahakama ya kukupeleka. Lakini kazi yake umeniachia mimi, na mimi siiwezi. Umeona mwenyewe ninavyokimbia. Basi nisikilize. Mrudishie ulimi wake. Na kama humrudishii, usimchoke. Mimi sitamchoka, nawe usimchoke. Alikuimbia, alikulilia, alikuletea watu. Huyu si wa kusahaulika kwenye foleni. Basi. Nimemaliza. Sijui wengine huwa wanamalizaje."

Kisha akaona mabega ya mke wake yanatetemeka. Akashtuka: "Nimekuumiza? Nimevuta nywele?" Mama akatikisa kichwa. Akautafuta mkono wa mume wake kwa mkono wake mzima, akaurudisha kichwani. Maana yake, endelea. Hapo ndipo mzee alipoelewa kwamba ameomba. Binti anasema alisikia baba yake anasema, "Lo! Kumbe!" Halafu wakalia wote wawili, na binti naye jikoni akalia na sahani mkononi.

Tangu siku ile aliomba kila jioni. Nywele zikichanwa, Mungu anaambiwa. Jirani anasema alikuwa akizima televisheni ili asikie, maana maombi yale yalikuwa na habari zote: bei ya sabuni, mteja aliyekimbia bila kulipa, mwanakwaya anayeimba nje ya sauti. Mama hakupata ulimi wake. Lakini uso wake, jirani anasema, ulirudi. Ningependa kuwaambia kwamba waliishi hivyo miaka mingi, wasikilizaji. Haikuwa miaka. Ilikuwa miezi.

Jumamosi iliyopita alikuwa wodini, anamnyoa fundi umeme aliyevunjika mguu. Amemaliza shavu moja. Akasema, "Kaa sawa, nivute pumzi kidogo," akaketi ukingoni mwa kitanda. Fundi umeme anasema, "Nilidhani anapumzika. Nikaendelea kumsimulia habari zangu. Nilipogeuka, povu lilikuwa limekauka usoni kwangu, naye ameinamisha kichwa." Moyo ulikuwa umesimama. Alikuwa katikati ya kazi ya kanisa lake, na brashi mkononi.

Muuguzi alitaka kumnyoa fundi yule upande wa pili. Fundi akakataa. Jumanne alikuja mazishini kwa magongo, shavu moja safi, shavu moja na ndevu. Na wasikilizaji, hakuna aliyecheka. Yule mzee wa kanisa aliyenyoosha kidole zamani, sasa amekuwa mkongwe, alimshika mkono wakaenda pamoja mpaka kaburini.

Kwa niaba ya kituo hiki nampa pole mama yetu, mjane wa Kaa Sawa. Pole, mama, pole sana. Pole binti, mwalimu. Poleni kanisa, poleni wagonjwa wa wodi ile ambao Jumamosi ijayo watatazama mlango. Msiba huu ni mzito, na sitaufanya mwepesi kwa sababu niko hewani.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize. Kanisa lako unalishika kwa mkono gani? Kama ni sadaka, toa. Kama ni ufagio, fagia. Kama ni maombi, omba. Lakini kama nyumbani kwako kuna mtu anayengoja kusikia neno kutoka kwako, usimpelekee kikundi. Mpelekee sauti yako, hata kama ni mbovu. Kaa Sawa alichelewa, akawahi kidogo tu. Wewe huna hakika ya hicho kidogo.

Nimebakiwa na jambo moja. Nilipokuwa naaga jana, binti alinisindikiza, akaniambia yaliyotokea jioni ya mazishi. Nitawapa kwa maneno yake.

"Watu waliondoka, tukabaki wawili. Saa ya maombi ilipofika mama alitazama mlango. Alitazama muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi. Nikamwambia, 'Mama, usinitazame hivyo. Mimi nimemrithi baba, siwezi.' Nilidhani ataninyooshea kidole kama alivyomfanyia baba. Hakuninyooshea. Alifumba macho, akafungua mdomo, akaanza kutoa sauti. Hayakuwa maneno. Ilikuwa sauti tu, inapanda, inashuka, inakatika, inaanza tena. Aliomba hivyo mpaka jasho likamtoka, mate yakamtoka, sikuthubutu kumfuta. Sikuelewa hata neno moja. Ila nilijua alipofika kwa baba, kwa sababu hapo sauti ilikwama, akapiga goti lake kwa ngumi mpaka ikatoka. Alipomaliza alinitazama kama anayeuliza. Nikaitika."

Mama, najua unatusikia. Nasi huku tunaitika. Amina.