Beseni la Sebuleni

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi shemeji yake, kuwasomea maisha ya ndugu yetu, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Mapaa, naye akaliitikia mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, fundi seremala, akiwa mtoto wa tatu, akaanza shule ya msingi mtaa huohuo mwaka 1966, na mwaka 1980 akahitimu uchoraji wa majengo katika chuo cha ufundi. Alichora ramani katika ofisi ya ujenzi hadi 1996, aliporudi chuoni kufundisha, na kompyuta zilipoletwa mwaka 1999 alijifunza kuzitumia pamoja na wanafunzi wake, bila kuona haya.

Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 6 Juni 1987, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na kijana, ambaye ni fundi umeme.

Mwaka 2001 alijichorea nyumba hii tulimokusanyika, akaunganisha paa la mgongo, lenye miteremko miwili, na paa la pande nne, yakakutana kwa bonde juu ya sebule, yakapendeza kweli kweli kwenye kioo cha kompyuta, lakini mvua ya kwanza iliponyesha maji yote yalijikusanya hapo yakashukia kiti cha dada, ndipo beseni likahamia sebuleni. Tangu hapo hakuna mwanafunzi wake aliyegusa kompyuta kabla ya kukunja paa lake kwa karatasi ngumu na kulimwagia kikombe cha maji mbele ya darasa, na zoezi la mwisho la kila mwaka likawa kurekebisha paa la mwalimu, zoezi ambalo hakuna aliyelifaulu, mwalimu mwenyewe akiwemo, maana kila mwaka alipanda kulipaka lami na kila mwaka beseni lilirudi.

Januari 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Darasa lake la mwisho likafanya zoezi lilelile, kikombe kikamwagwa, safari hii maji yakateleza yote nje, na Agosti wakapandisha mabati ya paa hilo juu ya nyumba hii, yeye akiwa ameketi uani, akielekeza na kutania, mwenye furaha tele. Lakini kilikuwa kiangazi, na alichokitaka kuliko dawa ni kuliona paa lile likinyeshewa, hata hospitalini daktari alipomuuliza habari za maumivu yeye aliuliza kwanza habari za mawingu. Alifariki tarehe 9 Oktoba, saa tisa alasiri, jua likiwaka.

Jana alfajiri mvua ilinyesha. Dada aliamka kwa mazoea, akaweka beseni mahali pake katikati yenu mliolala sebuleni, akakaa kando yake mpaka mvua ilipokatika, na beseni likabaki kavu, basi akalia sana, kisha akacheka, akasema wanafunzi wamepata mia kwa mia, ila mzee wake bado amefeli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti na masufuria, walimu wenzake, na darasa lile la mwisho, ninyi ambao dada anawakabidhi beseni hilo mkaliweke chuoni, kwa sababu hapa halina kazi tena.

Pumzika kwa amani, shemeji. Paa halivuji.