Fundi Kufuli Aliyekosa Shahidi

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Baba Funguo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa tatu wa mhunzi. Alisoma hadi darasa la saba, kisha mjomba wake akamchukua kwenye kibanda chake cha kufuli nyuma ya soko. Huko alipewa sheria moja: mlango wa mtu haufunguliwi bila shahidi kusimama hapo.

Aliishika sheria hiyo hata ikawa kero. Alipoitwa kumfungulia mfua nguo mmoja aliyepoteza ufunguo, mvua ilikuwa inanyesha, naye akakataa kugusa kitasa.

"We kaka, nalowa. Unangoja nini?"

"Shahidi, dada."

Jirani alipokuja kusimama, akafungua. Kesho yake fundi alirudi kuuliza kama ufunguo umepotea tena. Walifunga ndoa mwaka 1994.

Asubuhi ya tarehe 14 Machi mwaka huu, ardhi ilipotetemeka, miimo ya milango ilipinda na watu wakanasa ndani. Marehemu alibeba mkoba wake akaingia lile jengo la ghorofa. Wenye miguu mizima walisimama barabarani, simu juu, wakiziba hata njia ya gari la wagonjwa. Aliwasihi.

"Njooni mmoja tu asimame mlangoni. Hata kuingia asiingie."

"We endelea, fundi, tunakuona," wakamjibu, wakacheka.

Gesi ilikuwa inanuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alifungua milango bila shahidi. Alitoa watoto, akamtoa bibi asiyeweza kutembea, akafunga mitungi. Akiwa anashuka, ardhi ilitikisika tena, ukuta wa ngazi ukamwangukia mgongoni.

Hakuinuka tena kitandani. Kabla vidonda havijakauka, mwenye nyumba wa ghorofa ya pili alitangaza kwamba mkufu wake umeibwa na fundi. Mke wa marehemu alizunguka nyumba kwa nyumba akitafuta mtu wa kumsemea. Wale wa "tunakuona", hakuna aliyeona. Mwezi Juni mkufu ulipatikana chini ya kifusi, ukavaliwa kimyakimya. Mwizi hajuliwi hali, kwa hiyo hamkuja. Leo mmekuja na mashada.

Alifariki tarehe 2 Septemba kwa nimonia. Hakuwalaani. Alisema tu kwamba siku nyingine ardhi ikitetemeka, mwenye nguvu abebe kifusi, mwenye maji agawe, na asiye na kitu asimame mlangoni, kwani macho yake nayo ni msaada.

Ameacha mke, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake anayewasomea haya.

Mwenye mkufu yupo hapa. Mke wa marehemu anaomba kwamba, kabla hajashika koleo kutia udongo kaburini, aseme kwa sauti kwamba huyu hakuwa mwizi. Safari hii mashahidi tupo.

Baada ya hapo, apumzike kwa amani.