Fungu la Redio

Kina mama, asalaam alaykum. Niacheni niseme nikiwa nimekaa, magoti yamekataa. Wala asinipigie mtu kigelegele. Haya si ya kigelegele.

Mwajua nilikuwa mwenyekiti wa redio yetu hapa Kismayo. Kusoma sikusoma sana, ila mlinichagua mkasema bibi huyu haogopi mtu. Nami nikaamini.

Redio ile yala petroli. Jenereta likizima, Kibajuni chetu kimezima hewani. Na visiwani simu hushika kwa bahati, basi jioni Chovai, Fuma na Kudha zote husikiliza saa yetu moja: chombo gani hakijarudi, nani amefariki, azikwa lini.

Wakubwa wawili wa siasa wakagombana, kila mmoja akidai redio yamtumikia mwenziwe. Fedha za serikali zikakatika. Nikamwendea mmoja kumwomba petroli. Akanipa chai, akaniita ayeeyo, kana kwamba mimi ni bibi yake.

"Ayeeyo, petroli si kitu. Nipe saa ya jioni nizungumze na watu mpaka uchaguzi upite."

"Na matangazo ya vifo?"

"Maiti ana haraka gani?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilicheka naye. Petroli nimeshaitubia. Kicheko kile bado.

Baadaye akafariki shoga yangu kule Chovai, niliyelelewa naye. Tangazo likaja mchana: mazishi ni kesho asubuhi. Mtangazaji akaniuliza, "Mwenyekiti, tulisome?" Nikamwambia saa si yetu. Binti wa marehemu ameolewa Kudha. Jioni ile alikaa na redio yake, akasikia hotuba mwanzo hadi mwisho. Habari ilipomfika, mamake alikuwa kaburini. Waliomwosha ni wengine.

Alikuja redioni, kanga imelowa maji ya bahari. Nikampa kiti, akakikataa.

"Kila mchu alisikia hotuba," akaniambia. "Mamangu hakuna aliyemsikia. Wewe ulicheza naye utotoni. Hata jina lake lilikushinda kulitaja?"



Nikarudi kwa yule mkubwa, nikamwambia saa yetu naichukua. Akakata petroli siku hiyohiyo, redio ikanyamaza. Nikaja hapa kuvua uenyekiti. Mmoja wenu, yupo hapa, simtaji, akanikemea: "Uharibu halafu ukalale? Watafuta wa kukubembeleza? Samaki wakigawanywa, chombo hutolewa fungu lake. Redio je, haili?"

Mkacheka. Mimi nililia. Fungu la chombo ndilo lililonilea, baba yangu alikuwa nahodha, na sikulikumbuka. Niliona haya kuwaomba watu maskini. Kuwauza sikuona haya.

Tukawaendea manahodha, wakakubali. Sasa kila chombo kinaposhusha hutoa samaki wa redio, huuzwa, petroli hununuliwa. Jina la kwanza kusomwa lilikuwa la shoga yangu, limechelewa vile lilivyochelewa. Uenyekiti nikauacha. Nimebaki na kapu, nakaa pwani napokea.

Nawashukuru nyinyi, na manahodha, na yule aliyenikemea. Ukipata shida, wangu, waendee kwanza wale watakaoumia ukikosea. Kwa mkubwa mtakwenda baadaye, mkiwa wengi.

Binti yule naye huja, chombo cha mumewe kikishusha. Hutia samaki kapuni, tena mkubwa, akaenda zake. Salamu hanipi. Nami siiombi. Nasogeza kapu tu, asiiname sana.