Kafa Tena, Aliyetaka Kuitwa Mwanamuziki

Ndugu waombolezaji, majirani, mliopata viti na mliosimama, na ninyi wa pale getini mliokuja kuhakikisha kama safari hii ni kweli, familia inawaomba utulivu isomwe historia ya mpendwa wetu, historia iliyoandikwa kwa mkono wa dada yake mkubwa, fundi cherehani wa hapa mtaani, aliyeishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesikia kosa alimeze, na inasomwa na yeye huyohuyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeuweza mwandiko wake.

Kabla ya yote, familia inawajulisha kwamba kibao cha kaburi hakijakamilika, mchora vibao mnamwona pale ameketi na brashi yake tangu asubuhi, jina ameshaandika, tarehe ameshaandika, limebaki neno moja tu la kazi ya marehemu, mkewe anataka liwe mwanamuziki, kama marehemu mwenyewe alivyoomba, wenzake wa kikundi cha maigizo wanataka liwe mwigizaji, wakisema kibao kisije kikasema uongo mbele za watu, na uamuzi umeachiwa karatasi hii.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, fundi viatu, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho, na wa kiume peke yake. Mkunga alipompiga kofi la kwanza hakulia, alinyamaza akawatazama watu mmoja mmoja mpaka mama alipoanza kupiga mayowe na majirani wakaingia, ndipo akalia, na dada yake mkubwa, wakati huo ana miaka tisa, amesimama mlangoni na beseni, alisema palepale kwamba mtoto huyu alikuwa anasubiri watu wajae, na tangu siku hiyo hakumwamini hata alipopiga chafya.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza Novemba 1972, na katika miaka hiyo mwalimu wa hesabu alimrudisha nyumbani mara kumi na moja kwa homa zilizokuwa zikipona kwenye kona ya kwanza. Mwaka 1971, siku ya wazazi, aliigiza mgonjwa, akafa vizuri mno hata mpishi wa shule akakimbia na ndoo ya maji, na kazi yake ya maisha ikawa imeshajulikana, ingawa mwenyewe hakuwahi kuikubali.

Januari 1975 aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni, na mwezi Mei 1979 akajiunga na kikundi cha maigizo kilichokuwa kikifanya mazoezi nyuma ya karakana ya seremala, ambako alikufa kwa sumu, akafa kwa kisu, akafa kwa kuanguka kwenye ngazi, akafa kwa mapenzi mara mbili kwa wiki, mpaka watoto wa mtaani wakamwita Kafa Tena, na dada yake ndiye aliyemshonea mavazi yote ya kufia, akilalamika kwamba hakuna marehemu aliyewahi kuchana mashati mengi kiasi hicho.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1983, na binti mpiga chapa wa ofisi ya maji, ambaye ndiye huyu mjane wetu, na wakati wa kutoa ahadi baba mkwe alisimama akasema kwa sauti, "Rudia, bwana, na mara hii usiigize," akarudia, watu wakacheka, lakini mzee yule hakucheka, na alimtazama mkwewe kwa jicho la pembeni mpaka anaingia kaburini. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mchomelea vyuma, aliyezaliwa 1984, wa pili muuguzi, aliyezaliwa 1987, na kitinda mimba, mwalimu wa chekechea, aliyezaliwa 1991, na wote watatu walirithi masikio ya baba yao, hilo halina ubishi.

Ilipofika mwaka 1997 waigizaji wa kikundi waliingiwa na tamaa moja, kila mtu akataka kuwa mwimbaji, yule mama aliyekuwa akiigiza mama mkwe mkorofi akatoa kaseti, msimuliaji naye akatoa yake, na watu wakazisikiliza wakiguna, wakisema huyu jana alitutolea machozi ya kitunguu, leo anaimba ana maumivu, tumwamini kwa lipi? Marehemu naye akamwendea rafiki yake mpiga gitaa, ambaye kwa siku za kazi ni kinyozi, wakaanza mazoezi katika kibanda cha kunyolea kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na hapo likaonekana tatizo lisilompata mtu yeyote isipokuwa mwigizaji, maana mwigizaji hufundishwa kumwacha mwenzake amalize kusema ndipo ajibu, na marehemu akalichukua gitaa kuwa mwenzake anayesema, basi kila gitaa lilipolia yeye alinyamaza kwa adabu, ubeti mzima ukampita amesimama anatikisa kichwa kama mtu anayesomewa mashtaka. Mpiga gitaa akamwambia, "Ndugu yangu, ingia basi!" naye akamjibu, "Nitaingiaje na wewe bado unaongea?"

Mwingine angemfukuza, lakini mpiga gitaa alikwenda akaupanga wimbo upya, akawa anapiga kidogo, ananyamaza, anamngoja, na ndani ya pengo hilo sauti ya marehemu ikawa inaingia imechelewa nusu pumzi, kama mtu aliyebisha hodi kisha akaona haya, na kwa kuchelewa huko ndiko watu walikoupendea wimbo. Uliitwa "Chai Inapoa", ulirekodiwa Jumatano, tarehe 17 Juni 1998, katika chumba kilichotundikwa magodoro ukutani, mkewe akiwa ameketi ndani na chupa ya maji ya vuguvugu, na kufikia Agosti ulikuwa unapigwa redioni asubuhi na mchana, marehemu akaacha kabisa kuitikia akiitwa Kafa Tena, akawa anasema, "Mimi ni mwanamuziki, kufa nimeacha."

Hapa ndipo pana neno, na familia inaomba lisikilizwe vizuri. Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1998, saa tano asubuhi, katika saluni iliyo ubavuni mwa duka la dawa, wimbo ulipigwa, wanawake sita wakanyamaza, mmoja akiwa na kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, msusi akasema, "Kumbe Kafa Tena ana sauti hivi!" ndipo huyo mwenye kichwa nusu kimesukwa akajibu kwamba yule si yeye, sauti ile ni ya kuazima, ni ya mpiga gitaa, Kafa Tena huyo hata akiimba bafuni bomba hukata maji kwa aibu. Saluni ikaangua kicheko, na kicheko ni kitamu, kila aliyetoka na nywele zake akatoka na maneno yale kichwani, saa tisa yakawa sokoni, yakanenepa kule sokoni, na kufikia Jumatatu mtangazaji wa redio alikuwa anauliza hewani sauti hii ni ya nani jamani, na watu wakasema lisemwalo lipo.

Onyesho lake la kwanza lilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Oktoba 1998, ukumbi ulijaa, lakini walikuja kama mahakimu, wamekunja mikono, na alipofungua kinywa wakaanza kupiga kelele, "Zima kaseti! Imba mwenyewe!" naye alikuwa anaimba mwenyewe, gitaa likamngoja, likamngoja tena, na yeye hakujua auweke wapi mwili wake, akafanya kile ambacho mwili wake ulikijua tangu mwaka 1971, akashika kifua, akayumba, akaanguka, akafa. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi ambayo mtaa huu haujayasikia tena, "Kafa Tena! Kafa Tena!" na yeye amelala pale chini macho wazi, na makofi yale ndiyo yaliyomrudisha kwenye maigizo moja kwa moja.

Tangu hapo marehemu alianza kushuku. Alimshuku fundi mitambo wa studio, akamshuku mama mkwe mkorofi wa kikundi, akamshuku shemeji yake, na kila siku alisema maneno yalianzia sokoni, akawa anakwenda sokoni kununua kitunguu kimoja kimoja ili awatazame watu machoni. Siku moja dada yake alikuwa amepiga magoti anampima pindo la suruali, akamwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, dada," na dada yake alikuwa na pini tano mdomoni, hakuweza kujibu. Mwisho shuku zote zikamwangukia mpiga gitaa, kwa kuwa sauti ilisemekana ni yake, hivyo sifa ni zake, na tarehe 3 Novemba 1998 marehemu alikwenda kibandani, akauchukua mto wake wa kuegemea, akamwambia, "Umeninyoa bila maji, bwana," akahamisha kichwa chake kwa kinyozi wa mtaa wa pili, aliyekuwa akimwachia ngazi kisogoni, nasi tukaitazama ngazi hiyo kwa muda wa miaka kumi na minane.

Mpiga gitaa hakuwahi kujitetea, na huku kwetu asiyejitetea amekiri, kwa hiyo watoto wa marehemu walikua wakijua kwamba baba yao alisalitiwa na kinyozi.

Ugonjwa wa figo ulimwanza Aprili 2016, na hapa familia inakiri kwamba haikuamini, maana alipoanguka jikoni mkewe alimaliza kwanza kuosha sufuria, na dada yake alipopigiwa simu aliuliza ni igizo gani hilo, akaja kesho yake. Alilazwa mara tatu, Juni 2016, Oktoba 2016, na mara ya mwisho tarehe 20 Februari 2017, wodi namba sita, kitanda cha dirishani, na hata huko wagonjwa wenzake walimwomba awafie kidogo wacheke, akawafia, wakacheka, nesi akamgombeza.

Jumatano, tarehe 8 Machi, saa kumi jioni, dada yake alikuwa anamkata kucha, marehemu akamwomba kibao chake kiandikwe mwanamuziki, kisha akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, hivi yule wa saluni alikuwa nani?" Dada akamwambia apumzike, asijichoshe, akaendelea kukata kucha, na alipofika kidole cha tatu ndipo neno lile lilipomchoma, maana kwa miaka kumi na minane marehemu alikuwa akisema sokoni, hakuwahi hata siku moja kusema saluni, na waliojua kuwa ni saluni ni wale wanawake sita na msusi wao. Akamtazama usoni, lakini uso ule haukuwahi kusomeka tangu siku ulipozaliwa, macho yamefumbwa, pumzi inapanda na kushuka taratibu, na dada yake, kama kawaida yake, akashuku kwamba haujalala.

Marehemu alifariki dunia kesho yake, Alhamisi, tarehe 9 Machi 2017, saa nane mchana, siku mbili kabla ya kutimiza miaka hamsini na tisa, na katika watu ishirini waliopigiwa simu, tisa waliuliza, "Kafia wapi, ukumbi gani?" Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na dada mmoja, maana wale watatu walimtangulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, waliomwamini kabla yetu, inawashukuru majirani kwa viti, masufuria na maturubai, inamshukuru msusi, aliyefunga mdomo wake muda wote huu, jambo ambalo kwa msusi ni muujiza, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha sabuni na wa kikundi cha maigizo.

Familia inamshukuru pia mpiga gitaa, ambaye yupo hapa tangu Ijumaa, amekaa juu ya tofali nyuma ya tangi la maji kwa sababu vijana wetu walimnyima kiti, na wengine mmekuwa mkinong'ona kwamba msaliti kaja kuona kazi yake. Familia inamwomba radhi kwa miaka yote hiyo, na neno familia hapa lisiwasumbue watu kichwa, maana yake ni mimi. Mwenye kichwa nusu kimesukwa alikuwa mimi. Wimbo ule sikuwa nimejua lolote juu yake, studio sikufika, mazoezini sikufika, ushahidi sikuwa nao hata punje, nilikuwa na wasikilizaji sita tu, na nikaaminiwa kwa kuwa mimi ni dada yake. Asubuhi ile nilitaka kuchekesha, na kesho yake nilipoona imekuwa moto nikaogopa, kisha nikazoea kuogopa, mtu huzoea.

Kwa hiyo ninyi wa maigizo, sauti ni yake, mkewe alikuwepo ndani na chupa ya maji, mwulizeni. Mchoraji, chovya brashi, andika mwanamuziki, usiibane pembeni. Na wewe mwanangu mchomelea vyuma, usinitazame hivyo, tutagombana nyumbani, kwa sasa nyanyuka umpe mpiga gitaa, baba yako mdogo, hicho kiti chako.

Mdogo wangu, kama ulijua, ulikuja kwangu miaka yote hiyo ukala, ukapimwa suruali, ukanyamaza, nami nakushukuru, na kama hukujua, basi leo umesikia pamoja na watu wote. Pumzika, amani iwe yako, mimi yangu bado naitafuta.