Sahani Nyeupe ya Mama Mapuseletso

Khotso, amani kwenu, wasikilizaji wapendwa. Leo hapa redioni sianzi na hali ya maji kama mlivyozoea, mtanisamehe. Mama Mapuseletso hatunaye tena. Yule aliyetupigia simu kila asubuhi kutupa hali ya maji ya mto wetu, Phororo, amefariki Jumanne kwa maradhi ya figo. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Wengi mlimjua kwa habari zake tu. Alifanya kazi kwenye mtambo wa maji hapa Ha Lephoi miaka ishirini na miwili, na kazi yake ilikuwa geti la kuingizia maji ya mto. Kiwanda cha jinzi kiko juu ya mto, sisi tuko chini. Kikitia nguo rangi, mto unashuka bluu. Basi kila alfajiri mama alijifunga blanketi, akachota maji, akayamimina kwenye sahani nyeupe ya bati aliyotoka nayo nyumbani, ya kulia papa, ugali wetu wa mahindi. Akiona bluu, anafunga geti, tunakunywa ya akiba. Akiona meupe, anaonja kidogo, anafungua. Kisha ananipigia. "Meupe," basi, anakata simu. Nami nawatangazia kabla ya matangazo ya vifo: maji ni meupe, kunyweni kwa amani.

Alikuwa mkali, jamani. Mwaka wa harusi ya binti wa chifu mto ulikuwa bluu siku nne na tangi likakauka. Mke wa chifu akaja na wanawake wenzake kumbana afungue. Mama akawaonyesha sahani. "Nikufungulie, mama, halafu unywe wewe kwanza?" Walicheka, wakaenda kuteka chemchemini kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Mwaka jana wakaja wapimaji wa chuo na chupa zao. Mwezi wa tatu mwaka huu wakaleta majibu, tukaitwa mkutanoni. Binti mmoja mpimaji akatueleza kwamba kiwanda kina dawa nyingine, ya kupaka ovaroli zisishike maji wala mafuta. Haina rangi. Haina harufu. Kuchemsha hakuitoi. Na ovaroli hupakwa siku ambazo jinzi hazitiwi rangi.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, maana mimi nilielezwa mara tatu ndipo nikaelewa. Siku za bluu, mama alifunga. Dawa ilishuka siku za meupe. Na siku za meupe ndizo alizofungua.

Na mimi je? Miaka yote ile nilikuwa nawaambia mnywe.

Binti yake, Puseletso, anasema jioni ile mama alikaa na sahani mapajani, hakula. "Akaniambia, mwanangu, watu nimewanywesha mimi, kwa mikono hii. Nikamwambia, mama, na wewe si ulikunywa? Akasema ndiyo, kila siku nilianza mimi."

Figo zilikuwa zimeshaanza kumsumbua. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni maji, wala hawezi kuapa kwamba siyo. Kiwanda kinasema kinachunguza. Geti bado linafunguliwa, kwa sababu mto mwingine hatuna.

Pole sana, Puseletso. Poleni wajukuu, poleni wafanyakazi wenzake wa mtambo. Mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwake. Na sisi tuliobaki, tukishika kikombe leo tujiulize ni nani ametuambia ni salama, na yeye amejuaje. Mama alifanya kazi yake kwa uaminifu, hakukosa hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote.

Siku mbili kabla hajafa alimtuma binti yake kwangu na ujumbe. "Mwambie asiseme tena meupe. Aseme hatujui, mpaka wapime."

Basi, wasikilizaji wapendwa, hali ya maji ya mto Phororo asubuhi hii. Puseletso ameshuka na sahani ya mama yake, ametazama.

Hatujui.